Darubini zinatafutaje hewa kwenye sayari ndogo za mawe?

Kila mara taarifa ya habari inapotaja darubini ya James Webb, simu ya studio hupokea ujumbe wa aina moja: "Wamegundua watu huko?" Wengine hututumia picha kutoka makundi ya WhatsApp, sayari ya buluu yenye mawingu na bahari, pamoja na maneno kwamba dunia ya pili imepatikana.

Jibu fupi ni hapana. Picha hizo ni michoro ya wasanii. Hakuna darubini iliyowahi kupiga picha ya uso wa sayari ya mawe inayozunguka nyota nyingine. Kinachotafutwa kwa sasa kinatangulia watu, samaki na nyasi: ni hewa. Je, iko sayari ya mawe, yenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia, inayozunguka nyota nyingine na kufunikwa na hewa? Swali linaonekana dogo, lakini limechukua mamia ya saa za darubini ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na mpaka sasa majibu mengi yamekuwa "hatujaiona".

Kwa nini waanze na hewa

Tuanze na ziwa letu. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria hailetwi na mito. Huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Maji hupanda yakiwa mvuke, hewa huyabeba, mawingu hujikusanya usiku, na kabla ya mapambazuko wavuvi wa Ukerewe na Ukara hukutana na radi na dhoruba. Ondoa hewa, na mzunguko huo unakatika. Ziwa nalo halitadumu, kwa sababu maji yasiyo na hewa ya kuyagandamiza kwa juu huchemka na kutoweka hata bila moto. Hewa pia ni blanketi. Bila gesi zinazozuia joto lisikimbie, wastani wa joto la Dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu ya sifuri.

Majirani zetu wanaonyesha tofauti hiyo. Mwezi uko umbali uleule na sisi kutoka kwenye Jua, lakini hauna hewa ya kutajika. Mchana wake unapita joto la maji yanayochemka na usiku wake unashuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Mirihi ina hewa nyembamba mno, chini ya asilimia moja ya uzito wa hewa yetu. Zuhura, ile tunayoiita nyota ya asubuhi au ya jioni, imezidiwa na hewa: kabonidayoksaidi nzito inayogandamiza mara 90 kuliko hewa ya Dunia, na joto la nyuzi 465 hivi usiku na mchana. Kwa hiyo kuwa na hewa peke yake hakutoshi. Lakini pasipo hewa hakuna mvua, mto wala ziwa, na mjadala wa uhai juu ya ardhi unaishia hapo.

Majina ya kwetu yaliyoko juu

Sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua letu zimepita 6,000. Baadhi zina majina tunayoyajua. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliipa kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake iipe jina. Tanzania iliita nyota yake Mpingo na sayari yake Tanzanite. Kenya ilichagua maneno ya Kijaluo: nyota Kalausi, yaani kimbunga cha upepo, na sayari Buru, yaani vumbi. Wasikilizaji wetu wa Rorya hawatahitaji tafsiri. Sayari hizo mbili ni kubwa, za gesi, hazina ardhi ya kukanyaga.

Jina la tatu linahusu zaidi habari yetu. Mwaka 2022 yaliitishwa majina ya sayari ambazo James Webb ingezichunguza, na pendekezo kutoka Kenya likashinda: nyota Orkaria na sayari Enaiposha. Hayo ni maneno ya Kimaasai. Orkaria ni udongo mwekundu wa kujipaka, na Enaiposha ni maji mengi, ziwa au bahari. Enaiposha iko umbali wa miaka ya nuru 48, na upana wake ni mara 2.7 ya ule wa Dunia. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba James Webb imepima upande wake wa mchana ukiwa na nyuzi 279 na upande wa usiku nyuzi 165. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ilionyesha kwamba kuna hewa nene inayosafirisha joto. Hata hivyo Enaiposha si sayari ya mawe kama yetu. Ni kubwa zaidi, na imejifunika ukungu mzito. Sayari ndogo za mawe ni kazi ngumu zaidi.

Mdudu mbele ya karabai

Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipowaka. Ukisimama ufukweni Igombe au Kayenze unaona taa zao zimejipanga majini kama mji mwingine. Chagua taa moja ya mbali, halafu fikiria mdudu anapita mbele yake. Mdudu humwoni. Lakini kama ungekuwa na kipimo makini cha mwanga, kingeonyesha kwamba taa imefifia kidogo mdudu alipopita, kisha ikarudi kama awali. Akipita tena baada ya muda uleule, na tena, unajua kwamba anaizunguka taa. Kwa kiasi cha kufifia unajua ukubwa wake.

Ndivyo sayari nyingi zilivyogunduliwa. Tatizo ni udogo wa kufifia kwenyewe. Mtu wa mbali akiitazama Dunia ikipita mbele ya Jua, angeona mwanga ukipungua chini ya sehemu moja katika 10,000. Ndiyo maana watafiti hupenda nyota ndogo nyekundu, zile zenye joto kidogo kuliko Jua. Taa ikiwa ndogo, mdudu yuleyule huziba sehemu kubwa zaidi ya mwanga wake.

Nyota mashuhuri ya aina hiyo inaitwa TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Mwaka wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5, chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda kilomita 17 kila sekunde, kingehitaji takriban miaka 700,000 kusafiri umbali huo. Nyota yenyewe inaizidi sayari ya Mshtarii kwa upana kidogo tu. Timu iliyoongozwa na Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza sayari tatu mwaka 2016, na kufikia Februari 2017 zilikuwa saba, zote zikiwa na ukubwa unaokaribiana na wa Dunia. Zimepewa herufi kuanzia b hadi h. Ya ndani kabisa humaliza mwaka wake kwa siku moja na nusu.

Sasa ongeza hewa. Sayari yenye hewa inapopita mbele ya nyota, mwanga kidogo hupenya kwenye utepe mwembamba wa hewa unaoizunguka kabla ya kutufikia. Kila gesi hunyonya rangi zake: mvuke wa maji zake, methani zake, kabonidayoksaidi zake, nyingi zikiwa rangi za mionzi ya joto ambazo macho yetu hayazioni. Darubini huuchambua mwanga rangi kwa rangi na kutazama ni zipi zimepungua. Kwa sayari ya mawe upungufu huo ni makumi ya sehemu katika kila milioni, kwa hiyo watafiti hungoja sayari ipite mara nyingi na kujumlisha vipimo.

Mawe ya Mwanza yanavyoeleza njia ya pili

Njia ya pili tunaipenda zaidi, kwa sababu mtu wa Mwanza anaielewa bila hesabu. Panda juu ya mawe yetu saa nane mchana bila viatu, utajuta. Rudi usiku wa manane, jiwe limepoa. Maji ya ziwa chini yake hayajabadilika sana, kwa sababu maji na upepo husambaza joto, ilhali jiwe hubaki nalo palepale lilipopigwa na jua kisha hulitupa juu.

Sayari zilizo karibu sana na nyota zao inaaminika kwamba huelekeza uso mmoja tu kwenye nyota, kama Mwezi unavyotuelekezea uso mmoja. Upande mmoja ni mchana wa kudumu, mwingine ni usiku wa kudumu. Kama sayari ni jiwe tupu, upande wa mchana utaungua na joto halitakwenda popote. Kama kuna hewa nene, upepo utabeba joto kulipeleka upande wa usiku, na mchana utapoa kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo darubini hupima joto la nyota na sayari kwa pamoja, kisha husubiri sayari ijifiche nyuma ya nyota na kupima tena. Kilichopungua ndicho joto la sayari.

Darubini ya Spitzer ndiyo ilitoa jibu la kwanza lililo wazi. Mwaka 2019 watafiti walioitumia walitangaza kwamba LHS 3844 b, sayari ya mawe yenye joto la nyuzi 770 hivi mchana, haina hewa nene. Joto halikuwa likifika upande wa usiku. James Webb ikafuata. Machi 2023 yalitangazwa matokeo ya TRAPPIST-1 b: nyuzi 230 hivi, joto lile hasa ambalo jiwe tupu jeusi lingekuwa nalo. Juni mwaka huohuo ikaja zamu ya c, ambayo wengi walidhani ingefanana na Zuhura kwa sababu inapokea kiasi cha mwanga kinachokaribiana. Ilikuwa na nyuzi 107 hivi. Hewa nzito ya kabonidayoksaidi kama ya Zuhura haipo pale. Nyembamba sana haikuweza kukataliwa.

Kisha Desemba 2024 vipimo vya b kwa rangi nyingine vilirudisha shaka. Vinaweza kuelezwa na jiwe tupu ambalo bado halijachakaa kwa mionzi, au, kwa nafasi ndogo zaidi, na hewa ya kabonidayoksaidi yenye ukungu. Mawe hayafanani: jiwe jeusi la volkano na jiwe la matale kama yetu havitoi joto kwa namna moja. Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo ambalo habari nyingi zilizosema "hakuna hewa" au "ipo hewa" zililiruka.

Masizi kwenye chimni

Rudi kwenye taa ya mafuta. Chimni ikiwa na masizi, mwanga unabadilika rangi, na anayetazama kwa mbali anaweza kudhani ni mdudu aliyebadilisha. Nyota ndogo nyekundu zina madoa ya aina hiyo. Baadhi ya madoa ni ya baridi kiasi kwamba yana mvuke wa maji ndani yake, kwenye nyota yenyewe! Mwaka 2023 James Webb iliona dalili kama za mvuke kwenye sayari GJ 486 b, na watafiti wenyewe wakasema huenda mvuke huo ni wa nyota. Mwaka uliofuata walipima joto la upande wake wa mchana, nalo likafanana na la jiwe tupu.

Tatizo hilohilo linaikabili TRAPPIST-1 e, ambayo ndiyo wengi wameiwekea matumaini. Mwaka wake ni siku sita, na inapokea kama theluthi mbili ya mwanga ambao Dunia hupokea kutoka kwenye Jua, hivyo kama ina hewa ifaayo inaweza kuwa na maji yasiyoganda. Septemba 2025 matokeo ya mipito minne yalitoka. Hewa nyepesi ya haidrojeni, ile ambayo sayari huzaliwa nayo, haionekani kuwapo. Hewa nzito zaidi, kama yenye naitrojeni, bado inawezekana, na jiwe tupu pia linawezekana. Palikuwa na kidokezo hafifu cha methani, lakini kinaweza kuwa masizi ya chimni. Watafiti wamepanga mipito mingine 15, safari hii wakiitazama e pamoja na b kwa kupokezana, ili ile ya b iwasaidie kujua ni doa gani ni la nyota.

Hewa inakimbilia wapi

Nyota ndogo nyekundu ni wengi: takriban saba kati ya kila nyota kumi katika kundi letu la nyota. Kama sayari zao za mawe zinaweza kushika hewa, mahali penye uwezekano wa mvua na maziwa ni pengi kupita kuhesabu. Kama haziwezi, Dunia yetu ni ya kundi dogo zaidi kuliko tulivyodhani. Nyota hizi hupitia ujana mrefu wa vurugu, zikirusha miali na mionzi mikali inayoipasha hewa ya sayari mpaka ikatorokea angani. Sayari kubwa yenye mvuto mkubwa hushika hewa yake. Ndogo iliyo karibu na nyota hupokonywa.

Wanasayansi huchora mstari kati ya makundi hayo mawili, wenye hewa upande mmoja na walionyang'anywa upande mwingine, nao huuita ufukwe wa angani. Katika mfumo wetu mstari huo unaonekana vizuri. Kwenye nyota nyekundu haujulikani unapita wapi, au kama upo. Ili kuutafuta, mwaka 2024 ilitangazwa kwamba saa 500 za James Webb zitatengwa kwa ajili ya sayari za mawe peke yake, huku darubini ya Hubble ikipima mionzi ya nyota zao.

Dalili nzuri zaidi za hewa hadi sasa zimetoka mahali ambapo hakuna mtu angependa kuishi. Mei 2024 ilitangazwa kwamba 55 Cancri e, karibu mara mbili ya upana wa Dunia, ina nyuzi 1,540 hivi mchana badala ya nyuzi 2,200 zilizotarajiwa. Kuna kitu kinapunguza joto, na mwanga wake unaashiria kabonidayoksaidi au kaboni monoksaidi. Sayari hiyo inadhaniwa kuwa na bahari ya mawe yaliyoyeyuka, na huenda hewa yake inatoka humo kila inapopotea. Desemba 2025 sayari nyingine ya moto, TOI-561 b, ilitajwa kwa sababu kama hiyo. Nyota za sayari hizo mbili zinafanana zaidi na Jua kuliko na TRAPPIST-1.

Malindi walikuwepo

James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, saa tisa na dakika 20 alasiri kwa saa zetu. Dakika 27 baadaye ilijitenga na roketi, na miongoni mwa vituo vilivyopokea mawimbi yake ya mwanzo ni kile cha Malindi, pwani ya Kenya, kinachoendeshwa na Shirika la Anga la Italia. Malindi wana historia ndefu kuliko hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na hapo, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru.

Webb sasa iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, nyuma ya kinga ya jua yenye tabaka tano na ukubwa wa uwanja wa tenisi. Lazima ikae kwenye baridi kali, maana darubini yenye joto ingeona joto lake yenyewe.

Ukiletewa habari kwenye simu

Aprili 2025 dunia nzima ilisikia kuhusu K2-18 b na "dalili za uhai". Watafiti wa Cambridge walisema wameona alama za gesi ambayo hapa duniani hutengenezwa zaidi na viumbe wa baharini. Wengine walichambua vipimo vilevile wakasema alama hizo ni dhaifu mno kusimama. Tena K2-18 b ina upana wa mara 2.6 ya Dunia, na haijulikani kama ina ardhi.

Ukipata habari ya namna hiyo, tazama kwanza ukubwa wa sayari: ikizidi sana mara moja na nusu ya upana wa Dunia, huenda si ya mawe. Tazama pia kama kipimo kilifanyika mara moja au mara nyingi, na kama timu nyingine imekirudia. Neno "huenda" likiwa limetoweka kati ya taarifa ya watafiti na ujumbe uliofika kwako, kuna mtu kalifuta.

TRAPPIST-1 haionekani kwa macho, hata kwenye giza la visiwani. Lakini nyota ya 55 Cancri inaonekana kwa shida kwa mwenye macho makali. Usiku wa Machi usio na mwezi, saa tatu hivi, nenda mbali na taa, geukia kaskazini na utazame juu, kwenye kundi hafifu la Kaa. Mwanga utakaouona uliondoka huko miaka 41 iliyopita.